Maumivu Huondoka Kabla Msuli Haujapona: Somo Juu ya Jeraha la Nyuma ya Paja kwa Wanariadha

Utangulizi

Miongoni mwa majeraha yanayowapata wanariadha, lile la misuli ya nyuma ya paja ni la kawaida mno, na tena ni sumbufu. Mkimbiaji huwa katika kasi yake kamili. Ghafla huhisi kana kwamba amepigwa jiwe au kuchomwa kisu nyuma ya paja. Hushika mahali hapo kwa mkono, huchechemea hatua chache, kisha husimama. Hakuna aliyemgusa, wala hakujikwaa. Baada ya juma moja au mawili maumivu hupungua, naye huanza kutembea vizuri na hata kukimbia polepole. Hapo ndipo linapozuka swali gumu: Je, amepona?

Swali hili haliwahusu wanariadha mashuhuri peke yao. Mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, hupanda ngazi kwa ngazi kutoka shuleni hadi wilayani, mkoani na taifa. Mwaka 2021 ngazi ya taifa ilifanyika Mtwara. Mwanafunzi wa Naliendele anayeumia katika mchujo wa shule huenda akatakiwa kukimbia tena baada ya siku chache tu. Mwalimu wake, wanafunzi wenzake na yeye mwenyewe, wote wanatamani akimbie. Uamuzi ukiwa mbaya, jeraha la majuma matatu huweza kugeuka kuwa la miezi mitatu. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kiasi cha asilimia 12 hadi 33 ya majeraha haya hurudia, na aghalabu hurudia mapema, mwanariadha anapoanza tena mashindano.

Makala hii inaeleza muundo wa misuli hiyo, sababu ya kuchanika kwake, namna inavyopona, na vipimo ambavyo mwalimu wa sekondari anaweza kuvitumia bila vifaa vya gharama ili kuamua ni lini mwanariadha arudi uwanjani.

Muundo wa misuli ya nyuma ya paja

Nyuma ya kila paja kuna misuli mitatu. Miwili iko upande wa ndani, nayo huitwa semitendinosasi na semimembranosasi. Wa tatu uko upande wa nje, nao huitwa bisepsi ya paja. Una vichwa viwili, kirefu na kifupi. Misuli yote hii, isipokuwa kichwa kifupi cha bisepsi, huanzia kwenye mfupa wa kukalia, yaani kile kinundu ambacho mtu hukihisi anapoketi juu ya benchi gumu. Kutoka hapo huteremka nyuma ya nyonga, hupita nyuma ya goti, na kushikizwa kwa kano kwenye mifupa iliyo chini ya goti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba misuli hii inavuka viungo viwili, nyonga na goti. Kwa hiyo ina kazi mbili: kuuvuta mguu kwenda nyuma kwenye nyonga, na kulikunja goti. Kadhalika, inaweza kunyooshwa kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Nyonga ikikunjwa na goti likanyooshwa, kama afanyavyo mtu anayeupiga mpira juu kwa mguu ulionyooka, misuli hii hurefuka sana.

Jaribio la kwanza. Mwanafunzi aketi kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni. Kisigino kimoja kisukume mguu wa kiti kwa kurudi nyuma, huku vidole vya mikono vikigusa nyuma ya goti. Atahisi kamba mbili ngumu. Ile ya upande wa nje ni kano ya bisepsi; ile iliyo dhahiri zaidi upande wa ndani ni kano ya semitendinosasi. Akilegeza kisigino, kamba hizo hulainika.

Msuli hujikaza kwa namna tatu

Watu wengi hudhani kuwa msuli unaojikaza ni lazima ufupike. Sivyo. Mfano wa ndoo ya maji unaeleza vyema. Mtu anapoinua ndoo kwa mkono, msuli wa mbele wa mkono hujikaza huku ukifupika. Anapoishikilia bila kuisogeza, msuli hujikaza bila kubadilika urefu. Anapoishusha polepole hadi chini, msuli ule ule bado umejikaza, la sivyo ndoo ingeanguka; lakini sasa unajikaza huku ukirefuka. Kazi hii ya tatu ni ya breki. Msuli unaofunga breki huweza kubeba nguvu kubwa kuliko unaoinua, na ni katika kazi hiyo ambapo nyuzi zake huwa katika hatari kubwa ya kuchanika.

Kwa nini msuli huchanika

Jeraha la nyuma ya paja huja kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kunyooshwa kupita kiasi, mathalani katika kupiga teke la juu au kuteleza miguu ikapanuka. Ya pili, ambayo huonekana zaidi katika riadha na kandanda, hutokea wakati wa kukimbia kwa kasi, na mara nyingi huathiri kichwa kirefu cha bisepsi.

Ili kuielewa njia hii ya pili, yafaa kuutazama mguu mmoja katika hatua moja ya mbio. Unyayo unapokuwa ardhini, kasi yake ni sifuri, ijapokuwa mwili unakwenda mbele. Unyayo ukishanyanyuka, hauna budi kuufikia mwili na kuupita ili utangulie kwa hatua inayofuata. Kwa hiyo mguu hurushwa mbele kwa kasi iliyo kubwa kuliko ile ya mwili wenyewe. Kabla haujagusa ardhi tena ni lazima uzuiwe, ama sivyo goti lingenyooka kwa kishindo. Breki inayouzuia ni misuli ya nyuma ya paja. Nayo hufanya kazi hiyo ikiwa tayari imerefuka, kwa kuwa nyonga imekunjwa na goti linanyooka.

Hapa hesabu ndogo ya fizikia inafunua jambo kubwa. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Tuchukulie kwamba kasi ya mguu unaorushwa huongezeka sawasawa na kasi ya mkimbiaji. Mkimbiaji anayekwenda mita 6 kwa sekunde anakimbia kwa mwendo wa wastani. Yule wa mita 9 kwa sekunde anakaribia kasi ya mashindano ya mita 100. Kasi imeongezeka mara moja na nusu tu. Lakini nishati ambayo breki inapaswa kuipokea imeongezeka kwa uwiano wa 81 kwa 36, yaani mara 2.25.

Hesabu hii ndiyo kiini cha somo zima. Mwanariadha aliyeumia huweza kukimbia polepole bila maumivu yoyote, akaamini kuwa amepona. Ukweli ni kwamba msuli wake haujaulizwa swali lenyewe. Siku atakapokimbia kwa kasi kamili, mzigo utazidi maradufu, na kovu changa halitaustahimili.

Sababu nyingine huongeza hatari. Jeraha la zamani ni mojawapo ya dalili zenye nguvu zaidi kuwa jeraha jipya laweza kuja. Uchovu nao huchangia, hasa panapokuwa na mbio nyingi kwa siku chache, kama ilivyo desturi ya mashindano ya shule. Hali kadhalika udhaifu wa misuli, na kuanza mbio za kasi ghafla baada ya majuma mengi bila mazoezi.

Ngazi za jeraha

Madaktari hugawa majeraha haya katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kuchanika kwa nyuzi chache tu. Mwanariadha huumwa lakini hutembea vizuri na nguvu haijapungua sana. Ngazi ya pili ni kuchanika kwa sehemu kubwa zaidi ya msuli. Kuna kuchechemea, nguvu hupungua, na baada ya siku moja au mbili ngozi huweza kuonyesha rangi ya damu iliyovia. Ngazi ya tatu ni kukatika kabisa kwa msuli au kano, na wakati mwingine huhitaji upasuaji. Majeraha yanayogusa kano, au yaliyo karibu na mfupa wa kukalia, kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi kupona.

Kwa walimu wa sekondari liko jambo moja mahsusi. Kwa kijana anayekua, mahali msuli unaposhikizwa kwenye mfupa wa kukalia pana sehemu ya gegedu ambayo bado haijageuka mfupa kamili. Sehemu hiyo huweza kuwa dhaifu kuliko msuli wenyewe. Kwa hiyo nguvu ambayo ingechana msuli wa mtu mzima huweza kung'oa kipande cha mfupa cha kijana. Mwanafunzi aliyesikia mlio wa kukatika, ambaye huumwa juu kabisa karibu na tako na hawezi kuketi kwa raha, asichukuliwe kuwa amevutika msuli tu. Apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei. Hali kadhalika apelekwe yule asiyeweza kutembea, mwenye uvimbe au damu nyingi iliyovia, au anayehisi ganzi mguuni.

Jinsi msuli unavyopona

Uponaji wa msuli hupitia hatua tatu zinazoingiliana.

Hatua ya kwanza ni ya siku chache za mwanzo. Mishipa midogo ya damu iliyochanika huvuja, mahali hapo huvimba, na seli nyeupe za damu huja kusafisha mabaki ya nyuzi zilizokufa. Uvimbe huu ni sehemu ya kazi ya uponaji.

Hatua ya pili huanza ndani ya juma la kwanza na kuendelea kwa majuma kadhaa. Pembezoni mwa nyuzi za msuli kuna seli zilizotulia ziitwazo seli satelaiti, ambazo zilielezwa kwa mara ya kwanza na mwanasayansi Alexander Mauro mwaka 1961. Msuli ukiumia seli hizo huamka, hugawanyika, na kuungana kutengeneza nyuzi mpya. Wakati huo huo mwili hutandika protini ya kolajeni kuziba pengo, nayo huwa kovu.

Hatua ya tatu ni ya kuimarisha na kupanga upya, nayo huchukua majuma mengi au hata miezi. Kolajeni iliyotandikwa ovyo hupangwa kufuata mwelekeo wa mvuto unaoupata msuli. Bila mvuto, kovu hubaki fupi na gumu lisilo na mpangilio. Mvuto ukizidi mapema mno, kovu huchanika.

Wakazi wa Naliendele wana mfano ulio karibu. Katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Naliendele, kinachojulikana nchini kwa utafiti wa korosho, miche ya mikorosho hubebeshwa: kikonyo cha mti bora huunganishwa na shina la mche mwingine na kufungwa kwa utepe. Baada ya muda kidonda hufunga na majani mapya huchipua. Lakini kuchipua kwa majani hakuna maana kwamba kiungo kimekuwa imara kama shina zima. Ukiuvuta mche kwa nguvu wakati huo, utakatika pale pale palipounganishwa. Mfano huu una mpaka wake: mche hutakiwa kutulia, hali msuli huhitaji kutumikishwa kidogo kidogo ili ukomae. Hata hivyo fundisho ni moja, kuwa dalili za nje hutangulia uimara wa ndani.

Maumivu nayo ni dalili ya nje. Hutokana kwa sehemu kubwa na uvimbe na kemikali zinazoamsha neva katika siku za mwanzo. Uvimbe ukiisha, maumivu huisha, wakati hatua ya tatu ndiyo kwanza inaanza.

Huduma ya kwanza

Mwaka 1978 daktari wa Marekani Gabe Mirkin aliandika kanuni iliyokuja kuenea dunia nzima: pumziko, barafu, kufunga kwa bandeji, na kuinua mguu. Kanuni hiyo imefundishwa katika shule na vyuo kwa miaka mingi. Mnamo 2014 Mirkin mwenyewe aliirekebisha, akieleza kuwa barafu nyingi na mapumziko marefu huweza kuchelewesha uponaji. Siku hizi mambo yafuatayo ndiyo yanayoshauriwa.

Kwanza, mwanariadha aache mchezo mara moja. Kuendelea kukimbia "ili msuli upate joto" huongeza mpasuko. Pili, paja lifungwe kwa bandeji ya kuvutika bila kukazwa kiasi cha kuzuia damu, na mguu uinuliwe anapolala. Tatu, barafu iliyofungwa kwa kitambaa yaweza kuwekwa kwa dakika 10 hadi 15 kwa ajili ya kupunguza maumivu, lakini si jambo la lazima. Nne, anayechechemea atumie fimbo au magongo kwa siku chache.

Liko pia jambo la kuepuka. Katika sehemu nyingi mtu aliyeumia msuli hukandwa kwa maji ya moto au kuchuliwa kwa nguvu siku ile ile. Nia ni njema, lakini katika siku mbili au tatu za mwanzo joto huongeza mtiririko wa damu mahali palipochanika, na kuchuliwa kwa nguvu huzitenganisha nyuzi zinazotaka kuungana. Vivyo hivyo msuli usivutwe kwa nguvu ili "kunyoosha" maumivu. Dawa ya kutuliza maumivu isitumiwe kamwe kumwezesha mtu kushindana, kwa maana huondoa onyo na kuacha hatari.

Mazoezi ndiyo tiba

Jambo lililobadilika zaidi katika elimu hii ni fikra juu ya mapumziko. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wanariadha 50 waliochanika misuli ya paja au ya shavu la mguu. Kundi moja lilianza mazoezi ya uponyaji siku ya 2 baada ya kuumia. Kundi jingine siku ya 9. Waliowahi walirudi michezoni bila maumivu kwa wastani wa siku 62.5, na waliochelewa kwa siku 83. Tofauti ya juma moja mwanzoni ilizaa tofauti ya majuma karibu matatu mwishoni.

Aina ya mazoezi nayo ina uzito. Huko Sweden mwaka 2013 Carl Askling na wenzake waliwagawa wachezaji kandanda 75 waliojeruhiwa katika makundi mawili. Wale waliofanya mazoezi ya kuukaza msuli ukiwa umerefushwa walirudi baada ya siku 28 kwa wastani. Wale waliofanya mazoezi ya kawaida walihitaji siku 51.

Kwa upande mwingine, njia za gharama hazina hakika ya kuleta faida. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014 liliwahusu wanariadha 80. Baadhi yao walidungwa kwenye jeraha maji ya damu yao wenyewe yenye chembe nyingi za kugandisha damu. Wengine walidungwa maji ya chumvi tu. Makundi yote mawili yalirudi baada ya siku 42. Habari hii inawatia moyo walio mbali na hospitali kubwa, kwa kuwa tiba iliyothibitika ni ile inayoweza kufanyika juu ya mkeka.

Mpangilio wa mazoezi hufuata hatua nne. Kila hatua huanza tu pale iliyotangulia inapofanyika bila maumivu makali, na inafaa isimamiwe na mtaalamu wa fiziotherapia pale anapopatikana.

Hatua ya 1. Kutembea hadi kuchechemea kuishe. Kuukaza msuli bila kusogeza mguu: mwanafunzi hulala chali, goti limekunjwa kidogo, kisigino kikisukuma chini kwa sekunde 5 hadi 10, na kurudia mara kadhaa.

Hatua ya 2. Kulala chali na kuinua kiuno, kwanza kwa miguu miwili kisha mmoja. Kulala chali, kushika paja likiwa wima kwa mikono miwili, na kulinyoosha goti polepole hadi kabla ya maumivu. Kusimama kwa mguu mmoja na kuinama mbele polepole, mguu wa pili ukinyooshwa nyuma. Kukimbia taratibu kunaweza kuanza hapa.

Hatua ya 3. Mazoezi mazito ya breki, pamoja na lile la kupiga magoti litakaloelezwa baadaye. Mbio za mita 40 hadi 60 kwa kasi ya asilimia 60, kisha 70, kisha 80, kukiwa na siku ya kupumzika baina yake.

Hatua ya 4. Mbio za asilimia 90 hadi 100, kuanza mbio kwa ghafla, kusimama, kugeuka, na kukimbia ukiwa umechoka kidogo. Yapasa ikumbukwe kuwa kukimbia kwenye mchanga laini wa pwani, ijapokuwa huchosha, hakufikishi kasi kamili. Kwa hiyo hakuwezi kuchukua nafasi ya hatua hii.

Vipimo vya kurudi uwanjani

Kalenda peke yake haiwezi kuamua. Mwanariadha aruhusiwe kushindana pale tu anapotimiza masharti haya yote: akibonyezwa mahali palipoumia hasikii maumivu, mguu ulioumia unainuka sawa na ule mzima, nguvu yake inakaribia ya mguu mzima, na wataalamu wengi hutaka isipungue asilimia 90, na ameweza kukimbia kwa kasi kamili katika vipindi kadhaa vya mazoezi, siku tofauti, bila maumivu na bila hofu. Hofu ni kipimo pia. Askling alipendekeza mwanariadha ainue mguu ulionyooka kwa haraka mara chache. Akisita au kutouamini mguu wake, arudishwe mazoezini.

Jaribio la pili: kupima pembe ya mguu. Mwanafunzi mzima wa afya alale chali juu ya mkeka, mguu mmoja ukibaki chini. Ainue mguu wa pili polepole, goti likiwa limenyooka, hadi ahisi mvuto wa kwanza. Mwenzake apime urefu L kutoka nyonga hadi kisigino, na kimo h cha kisigino kutoka usawa wa nyonga. Saini ya pembe ni h gawanya kwa L. Mathalani, L ikiwa sentimita 80 na h ikiwa 76, saini ni 0.95 na pembe ni nyuzi 72. Mguu wa pili ukitoa h ya sentimita 69, pembe ni takriban nyuzi 60. Tofauti ya nyuzi 12 kwa mtu aliyewahi kuumia ni sababu ya kutosha kumzuia kwanza. Mwalimu mwenye busara atapima timu yake yote mwanzoni mwa msimu, ili siku ya jeraha awe na kumbukumbu ya kulinganishia.

Mifano miwili kutoka viwanja vya dunia

Mwezi Julai 2012 huko Monaco, Asbel Kiprop wa Kenya alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 28.88. Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo, katika fainali ya Olimpiki ya London, aliingia uwanjani akiwa na jeraha la nyuma ya paja. Alimaliza wa 12, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho, zaidi ya sekunde 9 nyuma ya mshindi Taoufik Makhloufi wa Algeria. Bingwa wa dunia hakuweza kuulazimisha msuli usiokuwa tayari. Mwaka uliofuata, msuli ukiwa mzima, alikimbia dakika 3 na sekunde 27.72 mwezi Julai, na mwezi Agosti akatwaa tena ubingwa wa dunia mjini Moscow. Miaka ya baadaye alifungiwa kwa kosa la kutumia dawa zilizokatazwa, kufuatia sampuli iliyochukuliwa mwaka 2017. Lakini fundisho la London juu ya msuli linabaki pale pale.

Mfano wa pili ni wa Usain Bolt wa Jamaika. Tarehe 1 Julai 2016 alijitoa katika mashindano ya mchujo ya nchi yake kwa jeraha la ngazi ya kwanza. Hakwenda moja kwa moja kwenye Olimpiki. Baada ya siku 21 alijipima katika mbio za mita 200 huko London, akatumia sekunde 19.89. Tarehe 14 Agosti, siku ya 44 tangu kuumia, alishinda mita 100 huko Rio de Janeiro. Jeraha lilikuwa dogo, muda ulitolewa, na kipimo cha kasi kamili kilitangulia fainali. Hata hivyo mwaka 2017, katika mbio zake za mwisho za kupokezana vijiti huko London, msuli wa nyuma ya paja la kushoto ulimwangusha kabla ya kumaliza. Aliyewahi kuumia hubaki katika hatari zaidi kuliko wenzake, hata akiwa bingwa.

Kinga

Zoezi mashuhuri la kinga halihitaji kifaa chochote. Mwanafunzi hupiga magoti juu ya mkeka, mwenzake akimshikilia vifundo vya miguu. Huinama mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, akijizuia kadiri awezavyo. Akishindwa hujipokea kwa mikono na kujisukuma kurudi. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo kutoka kwa wachezaji kandanda 942. Katika kundi lililofanya zoezi hili yalitokea majeraha 15. Katika kundi lisilolifanya yalitokea 52.

Ratiba yao ilikuwa ya majuma 10. Juma la kwanza: siku 1, seti 2 za mara 5. Juma la pili: siku 2, seti 2 za mara 6. Juma la tatu: siku 3, seti 3 za mara 6 hadi 8. Juma la nne: siku 3, seti 3 za mara 8 hadi 10. Kuanzia juma la tano: siku 3, seti tatu za mara 12, 10 na 8. Misuli huuma kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo ratiba isianzishwe juma la mashindano.

Zoezi lisilofanywa halikingi. Katika vilabu vikubwa vya Ulaya sehemu ya majeraha ya nyuma ya paja katika majeraha yote ilipanda kutoka asilimia 12 msimu wa 2001/02 hadi asilimia 24 msimu wa 2021/22, ijapokuwa vilabu hivyo vina madaktari na mashine za kila namna. Shule yenye mkeka na nidhamu haina sababu ya kujiona maskini.

Chakula kina nafasi yake pia, kwa kuwa nyuzi mpya za msuli hujengwa kwa protini. Gramu 100 za karanga zina takriban gramu 25 za protini, na kusini mwa Tanzania karanga hulimwa kwa wingi. Mojawapo ya mbegu bora zilizotolewa mwaka 2009 ina jina la Naliendele. Karanga, kunde, dagaa na samaki vinatosha, pamoja na usingizi wa kutosha. Hakuna haja ya unga wa kununua kwa bei ghali.

Muhtasari

Misuli ya nyuma ya paja huumia inapofunga breki kwenye mguu unaorushwa kwa kasi. Huponywa kwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, si kwa kulala tu wala kwa kukandwa. Maumivu huondoka mapema, nao uimara huja baadaye. Baina ya nyakati hizo mbili ndipo wanariadha wengi huumia tena. Mwalimu anayemzuia mwanafunzi asikimbie fainali moja ya wilaya humhifadhia mbio za miaka mingi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini misuli ya nyuma ya paja hurefuka zaidi nyonga ikikunjwa na goti likinyooshwa.

2. Mkimbiaji aliyepata nafuu anakimbia mita 5 kwa sekunde bila maumivu. Kasi yake ya mashindano ni mita 8 kwa sekunde. Kokotoa ni mara ngapi nishati inayopokewa na breki ya misuli itaongezeka.

3. Taja dalili tatu zinazompasa mwalimu kumpeleka mwanafunzi hospitali bila kukawia.

4. Mguu una L ya sentimita 85 na h ya sentimita 77. Tafuta pembe yake kwa kutumia jedwali la saini.

5. Mwanafunzi ameumia siku 12 zilizopita, hana maumivu, lakini hajakimbia kwa kasi kamili. Fainali ya mita 100 ni kesho. Andika ushauri wako kwa mwalimu wa michezo, pamoja na sababu za kisayansi.